Damu ya Aliyepona: Historia ya Tiba ya Kingamwili Dhidi ya Ebola, Kutoka Yambuku hadi Butembo (1976–2019)

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya tiba ya kingamwili dhidi ya ugonjwa wa Ebola katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tangu mlipuko wa Yambuku mwaka 1976 hadi jaribio la kitabibu lililofanyika Kivu Kaskazini mwaka 2018 na 2019. Mhimili wa historia hiyo ni kazi ya mtaalamu wa virusi Jean-Jacques Muyembe-Tamfum na wenzake, pamoja na swali walilouliza kando ya vitanda vya wagonjwa: je, kile kilichomwokoa aliyepona kinaweza kumwokoa anayeugua? Makala yanaonyesha kwamba jibu la swali hilo lilipatikana katika eneo ambalo Kiswahili ndicho lugha kuu ya mawasiliano, na kwamba matokeo ya jaribio lenyewe yanatoa hoja nzito ya kuiweka lugha miongoni mwa vifaa vya tiba. Mwishoni tunapendekeza hatua tatu kwa watunga sera na wanaistilahi wa kanda.

1.0 Utangulizi

Mnamo tarehe 12 Agosti 2019 ilitangazwa kwamba dawa mbili kati ya nne zilizokuwa zikijaribiwa mashariki mwa Kongo zilikuwa zimewaokoa wagonjwa wengi wa Ebola kuliko nyingine. Jaribio hilo linajulikana duniani kwa kifupisho PALM. Watafiti wengi wanaolitaja katika maandishi ya Kiingereza na Kifaransa hawaulizi kifupisho hicho kimetoka wapi. Kimetoka katika maneno matatu ya Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha.

Kwa mwanaisimu, jina hilo ni ushahidi wa kihistoria. Linatuambia jaribio lilifanyika wapi, liliwahitaji watu gani, na lugha ipi ilitarajiwa kubeba imani yao. Hata hivyo, historia ya tiba hii imeandikwa kwa sehemu kubwa nje ya Kiswahili, kana kwamba lugha hiyo ilipita tu mlangoni ikaacha jina lake. Makala haya yanajaribu kuisimulia historia hiyo kwa Kiswahili, kisha kuuliza inatudai nini sisi tunaoshughulika na lugha na sera. Swali hili limepata uzito zaidi tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa kuwa milipuko ya Kivu na Ituri sasa ni milipuko ya ndani ya Jumuiya yetu.

2.0 Damu Iliyosafiri: Yambuku, 1976

Mwaka 1976 Muyembe alikuwa daktari kijana, mwenye shahada ya uzamivu katika elimu ya virusi kutoka Leuven nchini Ubelgiji. Serikali ya Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo, ilimtuma Yambuku, kijiji chenye hospitali ya misheni ya Kikatoliki kaskazini mwa nchi, kuchunguza ugonjwa uliokuwa ukiwaua wagonjwa na wauguzi. Alichukua sampuli za damu bila glavu. Ameeleza mara nyingi baadaye kwamba, sindano ilipotolewa, damu ya wagonjwa hao ilikataa kuganda na kumchafua mikono, naye alijiosha kwa maji na sabuni tu. Hakuambukizwa.

Alirudi Kinshasa akiwa na mtawa mmoja Mbelgiji aliyekuwa mgonjwa, ambaye alifariki huko. Damu ya mtawa huyo ilisafirishwa ndani ya chupa ya kuhifadhia baridi hadi Antwerp, Ubelgiji. Sampuli zilifika pia Porton Down nchini Uingereza na Atlanta nchini Marekani, na huko ikathibitishwa kwamba kirusi hicho kilikuwa kigeni kwa sayansi. Kilipewa jina la mto Ebola. Yambuku ilihesabu wagonjwa 318, na 280 kati yao walikufa.

Mambo mawili ya mwaka huo yataandama historia yote inayofuata. La kwanza ni kwamba watu 38 walipona. Miili yao ilikuwa imepata njia ya kukishinda kirusi ambacho dawa yake haikujulikana. La pili ni kwamba damu iliyobeba siri ya ugonjwa iliondoka, na pamoja nayo iliondoka heshima ya ugunduzi. Kwa miaka mingi vitabu viliwataja waliozipokea sampuli kabla ya kumtaja aliyezichukua.

Kuhusu waliopona, jibu la muda mrefu lilipatikana baada ya miaka 40. Watafiti, Muyembe akiwa miongoni mwao, waliwarudia watu 14 walionusurika Yambuku na kupima damu yao. Wote bado walikuwa na kingamwili zilizotambua angalau protini moja ya kirusi cha Ebola, na damu ya wanne kati yao iliweza kukizuia kirusi hai maabara. Mwili ulikuwa umetunza kumbukumbu kwa miongo minne.

3.0 Uamuzi wa Kikwit, 1995

Ebola ilipozuka Kikwit, mji wa magharibi mwa nchi ambako Kikongo ndicho lugha ya mawasiliano, ilipata wagonjwa 315, na takriban wanne katika kila watano walikufa. Muyembe alikuwa miongoni mwa waliouongoza mwitikio. Mlipuko ulipokuwa ukielekea kupungua, kati ya tarehe 6 na 22 Juni 1995, madaktari wa Kongo walichukua damu ya watu watano waliopona na kuwaongezea wagonjwa wanane. Saba walipona na mmoja alifariki.

Wazo lenyewe lilikuwa rahisi. Mtu akipona, damu yake huwa na kingamwili, yaani protini ambazo mwili huziunda ili kumtambua na kumshika adui aliyekwisha kuingia. Anayeugua Ebola mara nyingi hufa kabla mwili wake haujaziunda za kutosha. Kumpa za mwenzake ni kumwazima kinga hadi yake mwenyewe iwe tayari.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1999, na pingamizi hazikukawia. Wagonjwa wanane ni wachache mno. Walitibiwa mwishoni mwa mlipuko, wakati huduma ya hospitali ilikuwa imeboreka. Wengi walikuwa wameugua kwa siku kadhaa kabla ya kuongezewa damu, na anayefikia hatua hiyo akiwa hai tayari ana nafasi nzuri zaidi ya kupona. Uchambuzi mwingine wa takwimu za Kikwit, uliozingatia umri na siku za ugonjwa, haukuona faida ya wazi ya damu hiyo. Hakukuwa na kundi la kulinganisha.

Pingamizi hizo zilikuwa za haki kwa kipimo cha sayansi, na ni vema zisemwe hivyo badala ya kumgeuza Muyembe kuwa shujaa asiyekosea. Lakini ni haki pia kukumbuka hali ilivyokuwa. Madaktari hawa walikuwa na wagonjwa mbele yao, hawakuwa na dawa, na walikuwa na waliopona wodini. Walichokifanya kilikuwa swali lililoulizwa kwa vitendo. Kosa lingekuwa kuliacha swali hilo life kwa sababu jibu la kwanza halikutosha.

4.0 Kutoka Damu hadi Kingamwili Moja, 1999–2016

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kukatisha tamaa. Kingamwili moja iliyotokana na mtu aliyepona Kikwit ilikizuia kirusi vizuri maabara, lakini ikashindwa kuwalinda kima. Majaribio ya kuwapa kima walioambukizwa damu ya kima waliopona nayo hayakufua dafu. Katika mlipuko mkubwa wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016, uliopata wagonjwa zaidi ya 28,600, wagonjwa 84 nchini Guinea walipewa utegili wa damu ya waliopona. Waliofariki walikuwa asilimia 31, ikilinganishwa na asilimia 38 ya wagonjwa wa kabla yao. Tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba tiba ilisaidia.

Somo lililopatikana ni kwamba damu ya aliyepona ni mchanganyiko. Ndani yake zimo kingamwili nyingi: nyingine humshika adui mahali pasipomdhuru, na chache humshika mahali penyewe. Aidha, kiasi chake hutofautiana sana baina ya mtu na mtu. Kumwongezea mgonjwa damu nzima ni kama kumkabidhi furushi la funguo gizani na kumwombea aupate unaofungua.

Kazi ya kuutafuta ufunguo huo ilikuwa imeanza mwaka 2006. Muyembe na watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, wakiongozwa na Nancy Sullivan, walipata damu ya mtu aliyenusurika Kikwit miaka 11 kabla. Katika damu hiyo bado zilikuwamo chembe za kumbukumbu, yaani seli zinazohifadhi ustadi wa kuunda kingamwili fulani. Kwa ushirikiano na maabara ya Bellinzona nchini Uswisi, kingamwili kadhaa zilitengwa na kupimwa moja moja. Mmoja wao uliitwa mAb114. Mwaka 2016 ilichapishwa kwamba kingamwili hiyo peke yake iliwaokoa kima hata ilipotolewa siku tano baada ya kuambukizwa.

Namna inavyofanya kazi inastahili maelezo mafupi, kwa sababu inafafanua kwa nini yaliyotangulia yalishindwa. Kirusi cha Ebola huingia kwenye seli kikiwa ndani ya kifuko. Humo, vimeng'enya vya seli humkata kofia, na chini ya kofia hiyo hufunuka sehemu inayojishikiza kwenye kipokezi cha ndani ili kirusi kipenye. Kingamwili mAb114 hujibandika kwenye sehemu hiyo ya kujishikizia na kubaki pale hata kofia inapoondolewa. Kirusi hufika mlangoni, lakini hakiwezi kuingia.

5.0 Pamoja Tulinde Maisha, 2018–2019

Tarehe 1 Agosti 2018 mlipuko wa kumi wa Kongo ulitangazwa Kivu Kaskazini, kisha ukaenea Ituri na baadaye kugusa Kivu Kusini. Mwezi Juni 2019 wagonjwa walivuka hadi Kasese nchini Uganda. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umepata wagonjwa 3,470 na kuua 2,287. Muyembe alikabidhiwa uongozi wa mwitikio wa kitaifa mwezi Julai 2019.

Eneo hilo lilikuwa limeishi na vita kwa miongo miwili. Wakazi wa Beni na Butembo wengi ni Wanande, na Kiswahili huwaunganisha na majirani zao sokoni, kanisani na barabarani. Wataalamu wengi wa mwitikio walitoka Kinshasa, wakizungumza Kifaransa na Lingala, na Lingala katika masikio ya wengi huko ni lugha ya jeshi. Uchaguzi wa Desemba 2018 ulipoahirishwa Beni na Butembo kwa kutaja Ebola, shaka ilizidi. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na mwezi Aprili daktari wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko kutoka Kamerun, aliuawa Butembo.

Katika mazingira hayo ndipo jaribio la Pamoja Tulinde Maisha lilianza, tarehe 20 Novemba 2018, likiongozwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba ya Kinshasa pamoja na washirika wa Marekani. Vituo vilikuwa vinne: Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Kila mgonjwa aliyekubali alipangiwa kwa bahati nasibu moja kati ya dawa nne. Hapakuwa na kundi lililonyimwa tiba. Wagonjwa 681 walikuwa wameandikishwa kufikia tarehe 9 Agosti 2019, siku ambayo kamati huru ya usalama ilishauri uandikishaji usitishwe kwa kuwa dawa mbili zilikuwa zimejitenga na nyingine. Baada ya siku 28, waliofariki miongoni mwa waliopewa mAb114 walikuwa asilimia 35.1, waliopewa REGN-EB3, mchanganyiko wa kingamwili tatu, asilimia 33.5, waliopewa ZMapp, asilimia 49.7; na waliopewa remdesivir, asilimia 53.1.

Tarakimu hizo zilizunguka dunia. Ziko nyingine mbili ambazo hazikupata umaarufu huo, nazo ndizo kiini cha hoja yetu. Miongoni mwa wagonjwa waliofika wakiwa na virusi vichache mwilini, mAb114 iliponya tisa katika kila kumi. Tena, kila siku mgonjwa aliyochelewa tangu dalili kuanza iliongeza uwezekano wa kifo kwa asilimia 11.

Maana yake ni kwamba ubora wa dawa ulitegemea siku ambayo mtu aliamua kuondoka nyumbani. Uamuzi huo haukufanyika maabara. Ulifanyika sebuleni, baada ya mama, mjomba na mchungaji kushauriana, kwa lugha yao, iwapo kituo ni mahali pa kupona au pa kufia. Umbali, vita na umaskini vilichangia ucheleweshaji, na hakuna anayeweza kudai kwamba maneno peke yake yangeuondoa. Lakini uchunguzi wa shirika la Translators without Borders wakati wa mlipuko ulionyesha kwamba matangazo ya Kifaransa na ya Kiswahili sanifu hayakueleweka vema kwa wengi waliokusudiwa, na kwamba watu walitaka maelezo ya kina zaidi katika Kiswahili wanachokizungumza wao. Wasemaji hao hawakukosa akili ya kuelewa sayansi. Walikosa kuelezwa.

Wapo waliofanya kazi hiyo ya kueleza vizuri kuliko mabango: waliopona. Wengi waliajiriwa kuwahudumia wagonjwa na kuwalea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa, kwa kuwa kinga yao iliwaruhusu kuwakaribia. Kwa mara nyingine aliyepona alikuwa dawa, safari hii kwa mikono na kwa ulimi wake.

6.0 Neno Kinga na Mzigo Wake

Kiswahili kina hazina ya kale ya maneno ya kujihami: kago, zindiko, fingo, hirizi. Yote yanataja kitu kinachowekwa nje ya mwili ili baya lisiingie. Sayansi ya kinga inazungumzia jambo tofauti: baya limekwisha kuingia, na mwili wenyewe unajifunza kulishinda. Neno chanjo lilipata njia nzuri kati ya dhana hizo, kwa kuwa asili yake ni kuchanja, na kuchanja kulijulikana katika tiba za jadi kabla ya hospitali. Kinga ya mwili, kwa upande wake, ilienea kwa umma kwa njia ya msiba. Jina UKIMWI, Upungufu wa Kinga Mwilini, liliwafundisha wasemaji wa kizazi kizima kwamba mwili una kinga kwa kuwaambia imepungua.

Hivyo basi, kinga leo inabeba mizigo mitatu. Ni tahadhari, kama katika vifaa vya kinga. Ni uwezo wa mwili kupambana na maradhi. Tena, kupitia kingamwili, ni protini mahususi, ingawa wapo wanaotumia neno hilohilo kwa mfumo mzima. Katika mazungumzo ya kila siku mkanganyiko huu hauna madhara. Katika fomu ya ridhaa una madhara. Mgonjwa aliyezoea kusikia kwamba kinga ni bora kuliko tiba anaambiwa kwamba tiba yake ni kinga ya mtu mwingine. Anaweza kudhani amepewa chanjo, na kwamba akitoka hapo hataugua tena.

Dhana hiyo ni ya hatari. Kingamwili zinazoingizwa kwa mshipa hupungua baada ya muda. Ni kinga ya kuazima. Mtu mmoja aliyekuwa amechanjwa na kutibiwa kwa mAb114 mwaka 2019 aliugua tena takriban miezi sita baadaye, na kutoka kwake ukatokea mnyororo wa wagonjwa 91. Kadhalika, kingamwili hii hukilenga kirusi cha aina ya Zaire tu. Uganda ilipopambana na kirusi cha aina ya Sudan mwaka 2022, haikuwa na msaada. Neno moja kinga, likitumiwa bila kufafanuliwa, huahidi zaidi ya kile ambacho dawa inaweza kutimiza, na ahadi isiyotimia ndiyo mbolea ya uvumi.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Miaka 24 ilipita kati ya damu ya Kikwit na matokeo ya Butembo. Madaktari wa 1995 walikuwa sahihi katika swali, wapinzani wao walikuwa sahihi katika kudai ushahidi, na ushahidi ulipatikana pale tu wagonjwa 681 na jamaa zao walipokubali kushiriki katikati ya vita. Mwaka 2020 dawa zote mbili ziliidhinishwa Marekani, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza zitumike. Hata hivyo, Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka limeeleza kuwa sehemu kubwa ya akiba yake imewekwa Marekani. Damu iliyosafiri mwaka 1976 ingali na mrithi wake.

Kutokana na historia hii tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, vyombo vya istilahi vya kanda vikubaliane juu ya msamiati wa kinga kabla ya mlipuko ujao, vikitofautisha angalau mfumo wa kinga, kingamwili, kinga ya kujijengea na kinga ya kuazima. Wasemaji wa Kiswahili cha Kongo washirikishwe tangu mwanzo, maana istilahi iliyotungwa Dar es Salaam au Nairobi bila wao haitafika Mangina.

Pili, itifaki za majaribio ya kitabibu zitenge fedha na muda wa kuandaa na kupima uelewa wa fomu za ridhaa katika lugha za wahusika, kama zinavyotenga fedha za majokofu. Iwapo siku moja ya kuchelewa ina uzito wa asilimia 11, maelezo yanayomfikisha mgonjwa mapema yanastahili kuhesabiwa ndani ya bajeti ya tiba.

Tatu, makubaliano ya kusafirisha sampuli yataje mapema mgao wa dawa zitakazotokana nazo. Mwaka 2019 Muyembe alitangaza kwamba sampuli za damu zinazokusanywa Kongo zibaki Kongo. Msimamo huo wa mtu mmoja unahitaji kuwa sheria ya kanda.

Aliyepona Kikwit, ambaye kumbukumbu ya damu yake imekuwa dawa, hatajwi kwa jina katika machapisho, na kwa maadili ya utafiti inafaa iwe hivyo. Lakini jina la jaribio lililothibitisha thamani ya damu hiyo si siri. Limeandikwa kwa lugha yetu, na linatumia nafsi ya kwanza wingi. Anayesema tulinde amejihesabu miongoni mwa watakaofanya kazi hiyo.